Bi Polepole na Vichwa Alivyoninyang'anya

Baada ya kuwafundisha wazazi kutunza nywele za watoto wao kwa miaka ishirini na minane, mwenzetu tunayemwita Bi Polepole anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Aliomba aagwe kimyakimya. Hilo halitawezekana. Ukumbi umeshafagiliwa, viti vimeazimwa shule ya jirani, na dada wa mapokezi analalamika kwamba simu haipumziki. Wazazi waliopita darasani kwake wanauliza kama wanaruhusiwa kuja na watoto wao, na baadhi ya watoto hao sasa wana ndevu.

Mkurugenzi amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu moja tu: chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta huo hauzuii hata kikohozi. Alitaka niandike kwa uchangamfu na nisitie chumvi. Chumvi sitatia. Ila ni haki msomaji ajue mapema kwamba mwandishi wa wasifu huu anamwonea wivu mstaafu. Si wivu wa kupita. Ni wivu wa muda mrefu kazini, nao wenyewe ungestahili pensheni. Mengi alinichukulia hapa kituoni na ningeyavumilia. Lililoniuma ni pale alipozifikia Jumapili zangu na mjukuu wangu, nami nitalieleza kwa zamu yake.

Alipoajiriwa, Bi Polepole alikuwa mlezi katika chumba cha watoto wadogo. Mimi tayari nilikuwa msusi wa kituo. Kwa wasiotujua, kituo chetu huwatafutia watoto familia za kuwalea, kisha huzisaidia familia hizo zisichoke. Kila mtoto aliyeletwa alipitia kwenye kiti changu, nami nilimtoa akiwa na kichwa cha kupigia picha. Sisemi hivi kwa majivuno, na kama ni majivuno basi nina haki nayo. Nilikuwa na mikono myepesi, macho makali na foleni iliyofika mlangoni, na hakuna aliyekuwa akiuliza chumba cha pili kuna nani. Chumba cha pili palikuwa na magodoro.

Tatizo lilianza watoto wakishapata familia. Walipoletwa kututembelea, nywele zilikuwa zimefungamana, zimekauka, nyingine zimekatika hadi karibu na ngozi. Wazazi wao hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Wengine walizaliwa na nywele za singa na hawakuwahi kugusa nywele za kipilipili hadi siku walipokabidhiwa mtoto mwenye nazo. Wengine walikuwa wanaume waliobaki peke yao na mabinti, wanaume ambao habari za kichwa waliziacha kwa kinyozi na hawakuwahi kuuliza zaidi.

Wa kwanza tunaowakumbuka ni fundi saa na mkewe. Wote wawili wana nywele za singa, wote wapole, na walimpenda binti yao hadi unaona haya kuwatazama. Kila asubuhi walimwosha nywele kwa shampuu, kama walivyojiosha wao wenyewe. Kisha wakangoja zikauke, wakachukua kitana chenye meno membamba na kuanza kuchana kutoka kwenye mizizi kushuka. Ikafika mahali mtoto akiona kitana tu anaingia chini ya meza. Walikuja kwangu kuuliza kama watafanya dhambi wakimnyoa, na mama wa watu alikuwa analia kuliko mtoto. Nikawatuliza. Nikawaambia wamlete kila wiki, nitamsuka mimi. Lilikuwa jibu zuri, la mtu anayejua kazi yake. Wakati huo huo Bi Polepole alikuwa anapita na trei ya vikombe vya maziwa. Akasimama, akamwambia yule mama, "Mwenzangu, hungependa kujua kumfanyia wewe mwenyewe?"

Basi. Kwa swali hilo moja nikaanza kupoteza wateja.

Jumamosi iliyofuata magodoro yalihamishwa na darasa likaanza. Jina la Bi Polepole lilipatikana siku hiyo hiyo, kwa sababu kila nilipotega sikio nilisikia maneno yale yale: polepole, anzia nchani, polepole. Alikuwa na taratibu zake, na za ajabu. Siku ya kwanza hakuruhusu mtoto yeyote kuingia. Wazazi walivua viatu wakakaa wawili wawili, mmoja juu ya kiti, mwingine sakafuni katikati ya magoti ya mwenzake, wakachanana. Watu wazima, wengine na tai shingoni. Alitaka kila mmoja ajue shingo inavyosikia ikivutwa, sikio linavyosikia likiguswa na chanuo, na namna mtu anavyojisikia akiwa hana uwezo wa kumwona anayemshika kichwa. Waliokuwa na upara hawakusamehewa. Aliwafungia shada la nyuzi za sufu nyuma ya kiti, wakazichana, kisha wakakaa chini na kubonyezwa ngozi ya kichwa kwa vidole ili wasikose somo.

Baada ya hapo ndipo watoto walipoletwa, na ndipo kilipokuja kile kisichovumilika. Mwalimu hakugusa kichwa cha mtoto. Kamwe. Alisimama mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani, mzazi anatoa jasho, mtoto anapiga miayo, njia ya nywele inakwenda kombo, naye anaeleza kwa mdomo tu. Lowesha kwanza. Paka mafuta. Gawa mafungu manne, mengine yabane yasikusumbue. Shika nywele hapo karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani. Sasa chana nchani, panda kidogo, panda tena. Upande wa pili wa ukuta mimi nilikuwa nasikia yote hayo na vidole vinaniwasha. Kazi ambayo ningeimaliza kabla chai haijapoa ilichukua asubuhi nzima. Nilimwendea mkurugenzi wa wakati ule nikamwuliza ni kazi gani hii ambayo mtu analipwa kwa kutofanya. Akacheka, akadhani namsifia mwenzangu.

Wapo waliomtoa jasho hata yeye. Muuza nyama mmoja, mkewe akiwa safarini kwa muda mrefu, alimfunga binti yake mafundo mawili ya kuvutia kweli kweli. Yalikaa wiki nzima bila kulegea, kwa sababu alitumia lile fundo la kufungia vifurushi vya nyama. Ilibidi uzi ukatwe kwa mkasi wa kucha, Bi Polepole ameshika mikono yake nyuma kwa nguvu hadi vidole vimebadilika rangi. Baadaye muuza nyama yule akawa hodari wa misuko mirefu ya kusokota, na dukani kwake wateja wanawake wakawa wanangoja nyama huku wanamwuliza habari za mafuta ya nazi. Kulikuwa pia na bibi mmoja aliyelea watoto wa mwanawe. Huyo alikuja akiwa na hakika kwamba mtoto asiyelia hajasukwa sawasawa. Aliposhikwa kichwa na mzazi mwenzake alipiga ukelele uliowatoa watu maofisini. Tangu siku hiyo wajukuu zake wakawa wanasinzia wakisukwa.

Sitaficha kwamba nilishindana naye. Nilinunua kioo kikubwa chenye taa pembeni. Nikaweka redio. Nikabandika mlangoni picha za misuko yangu, mingine inachukua siku nzima kuisuka, mingine hata mimi mwenyewe ninapoitazama najiuliza niliwezaje. Watoto wakaja, wakajitazama kwenye kioo, wakafurahi, wakatoka na vichwa vya kumetameta. Kisha wakaenda kuchungulia chumba cha pili kuona baba wa nani leo kakosea.

Halafu ikaja ile siku ya wazi. Wafanyakazi wa zamani wanaijua na wameniomba nisiiandike, kwa hiyo naiandika. Kila chumba kilitakiwa kionyeshe kazi yake, na iliyo bora ipewe zawadi. Nilipeleka watoto waliosukwa mistari myembamba kama imepigwa rula, inazunguka kichwa na kukutana utosini. Watu walishika vinywa. Bi Polepole akapeleka watoto waliosukwa na wazazi wao: njia zimepinda, msuko huu mnene, ule mwembamba, mmoja umeanza kufumuka akiwa bado jukwaani. Mgeni wa heshima akatembea, akatazama, akafika kwa binti wa fundi saa, akauliza nani kamsuka. Mtoto akanyoosha kidole na kusema, "Baba." Akasema tena kwa sauti zaidi, maana alidhani mgeni hakusikia. Fundi saa akaanza kulia mbele za watu, mkewe akafuata, mgeni akatoa miwani kuifuta, na mimi nikajua nimekwisha. Zawadi ikaenda chumba cha pili. Nilipiga makofi kama wengine. Ukitazama picha ya siku ile utaniona mstari wa nyuma, nimetabasamu kwa meno yote na macho hayamo kabisa.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki: wazazi waliofundishwa naye hawakurudi. Wakishajua, wamejua. Kwangu, ambaye sikumfundisha mtu, foleni ilibaki ndefu miaka yote, nami nikaihesabu kuwa ushindi, nikawa namwambia dada wa mapokezi kwa sauti ya kupenya mbao kwamba wenye macho wanaona kwa nani watu wanarudi. Bi Polepole hakujibu hata siku moja. Alikuwa anakunja mataulo.

Sasa tufike kwenye Jumapili.

Mwanangu ni fundi umeme. Mkewe, mkwe wangu nimpendaye, ni muuguzi, na kazi yake iko mbali, nchi nyingine. Huja likizo na kuondoka tena. Wana binti mmoja, naye tunamwita Bosi kwa sababu alianza kutoa amri kabla hajaota meno. Tangu mama yake aondoke, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mwanangu alimleta kwangu kusukwa. Natandika mkeka, nakaa kwenye kiti kifupi, Bosi anakaa katikati ya magoti yangu, baba yake anajinyoosha kwenye kochi na kukoroma. Mtoto ambaye kichwa chake kimo mikononi mwako hana pa kwenda, kwa hiyo anasema. Ndivyo nilivyojua jino gani linatikisika, nani kagombana na nani, mwalimu gani anavaa wigi na siku lilipoanguka. Ndivyo nilivyojua pia kwamba anapomkumbuka mama yake hujifunika shuka gubigubi ili baba asisikie. Hilo hakumwambia mtu mwingine. Aliniambia mimi, nilipokuwa namgawa njia ya nyuma, kwa sababu hakuwa ananitazama.

Na mimi, kama kawaida ya sisi akina mama, sikukosa kulalamika. Jamani mgongo wangu. Mtoto huyu ana nywele za watu watatu. Mtaniua na Jumapili zenu. Nikasema hivyo kila wiki, huku sitaki hata saa iende. Yeyote aliyelelewa na mama anajua kwamba malalamiko ya namna hiyo ni kuimba tu. Mwanangu, ambaye nimemlea mimi mwenyewe, hakujua.

Jumamosi moja nilisikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Mama hasahau kikohozi cha mwanawe. Nikaacha kichwa cha watu nusu kimesukwa, nikatoka kwenye korido, nikachungulia. Mtoto wangu mwenyewe, mwanaume mzima mwenye mabega yale, alikuwa amekaa sakafuni bila viatu katikati ya magoti ya mtu nisiyemjua, anachanwa. Bi Polepole amesimama mikono nyuma. Nilishika kitasa cha mlango wa choo nikasimama hapo. Mji mzima huu amekosa mwingine wa kumfundisha? Na mimi, mama yake, msusi, nimekufa?

Kesho yake nilimwuliza mwanangu kwa upole jana alikuwa wapi. Kazini, Mama. Hakuniangalia. Nilisuka kichwa cha Bosi, nikamvuta kidogo, akaniambia, "Bibi, leo umekasirika na nani?"

Nikajipa moyo kwamba hatajua kusuka. Wazazi wengi humaliza darasa la Bi Polepole kabla msimu haujageuka, lakini mwanangu aliendelea, na kuendelea, na kuendelea. Waliokuja nyuma yake walimaliza wakamwacha. Niliposikia kupitia mbao anarudishwa tena kwenye kugawa mafungu manne, nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, huyu kachukua mikono ya baba yake, mizito, afadhali. Jumapili zikaendelea kuwa zangu.

Kisha ikafika Jumapili wakachelewa. Chakula kikapoa. Simu ikalia, na sauti ya mwanangu ilikuwa imejaa furaha kama ya mtu aliyejenga nyumba. Akaniambia, "Mama, leo pumzika. Bosi nimemsuka mwenyewe." Nikamwambia hongera. Nikakata simu nikautazama mkeka. Jumapili ya pili hali ikawa hiyo hiyo, na ya tatu pia. Nyumba ilikuwa kimya hadi nasikia friji. Mafuta yalikuwa yameshatolewa kabatini, basi nikajipaka viwiko.

Jumatatu niliingia chumba cha pili bila kubisha hodi. Wenzangu mliosikia sauti zangu siku hiyo mkasema tumegombana kwa sababu ya mataulo, sasa mjue haikuwa mataulo. Nilimwambia yote. Nilimwambia alinichukulia fundi saa nikanyamaza, akanichukulia watoto nikanyamaza, akachukua zawadi mbele ya macho yangu nikapiga makofi. Lakini kichwa cha mjukuu wangu ni changu, na nani kampa ruhusa? Alisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Akanisogezea kiti.

Akaniambia mwanangu alikuja darasani kwa ajili yangu. Alimweleza kwamba mama yake anaumwa mgongo, kila Jumapili analia, naye anaona aibu kumtwisha mzigo mtu aliyekwisha kumlea yeye. Alitaka kujifunza kwa siri ili siku moja anipigie simu na kuniambia nipumzike. Nikakaa. Mgongo wangu, kwa taarifa ya wasomaji, hauna tatizo lolote.

Baadaye Bi Polepole akasema jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika wasifu huu. Nalinukuu kama alivyolisema. "Dada, unanionea wivu mimi? Mimi ndiye nimekaa na wivu miaka yote upande huu wa mbao. Kwako watu wanarudi. Watoto wanakulia kwenye kiti chako, nawasikia sauti zinavyobadilika. Kwangu mzazi akishajua hanihitaji tena. Ndivyo nilivyotaka iwe, silalamiki. Lakini darasa likiisha nabaki na mataulo." Bi Polepole hakujaaliwa mtoto, na hilo sote tunalijua, wala hajawahi kutuomba huruma. Ila sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyefundisha mikono yote hiyo anarudi nyumbani pasipo na kichwa hata kimoja cha kushika.

Kisha akaniambia mwanangu alikuwa akimsimulia Jumapili zetu. Mkeka, kochi, jino, wigi la mwalimu. Aliposikia hivyo alielewa kabla ya mwanangu na kabla yangu kitakachotokea siku atakayohitimu. Hakuweza kumfukuza, maana baba anayetaka kumsuka mwanawe hafukuzwi. Basi akafanya alichoweza. Alimrudisha nyuma. Kila alipojua somo, akampa tena lile lile, akamwambia bado kidogo, njia haijanyooka. Mwanangu hakuwa na mikono mizito hata siku moja. Alikuwa tayari muda mrefu. Zile Jumapili nilizodhani nimebakiwa nazo kwa uzito wa mikono ya mwanangu, alikuwa ananigawia Bi Polepole, mojamoja, kupitia ukuta, na mimi huku nasema maneno ya kupenya mbao.

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango. Nitasema nilichohisi kwa sababu niliahidi kutotia chumvi wala kupunguza. Nilihisi wivu mkubwa kuliko wote wa nyuma. Misuko ningeweza kumshinda. Kioo nilikuwa nacho, redio ninayo, foleni ninayo. Lakini huyu mtu alikuwa amenitendea wema kwa miezi mingi bila kutazamia kwangu neno la asante, na mimi sikuwa na jambo hata moja la kumwekea mbele lilingane nao. Hata hapo kanizidi.

Jioni ile nilimpigia mwanangu nikamwambia waje Jumapili. Akanijibu nywele tayari, Mama, usijisumbue. Nikamwambia sijauliza habari za nywele, nimesema njooni. Akauliza kwa sauti ndogo, na mgongo? Nikamwambia mgongo mzima, mimi ni mwongo, njooni.

Walikuja. Bosi aliingia, akavua viatu, akauona mkeka, akakaa mahali pake bila kuambiwa. Nikakitazama kichwa. Misuko ilikuwa safi, imebana kiasi, ngozi ina afya, na njia moja karibu na sikio la kushoto imepinda. Vidole vyangu vilitaka kuifumua. Nilivishika vikatulia. Mtoto akaegemea goti langu, hakuna aliyemshika kichwa, na nilidhani bila kazi mkononi hatasema kitu. Alisema hadi chai ikaisha. Baba yake hakulala siku hiyo. Alikuwa ananiangalia kama nitamsahihisha ile njia.

Haya sikumwomba Bi Polepole ruhusa ya kuyaandika. Atayasoma kwenye kijitabu cha programu ya kumwaga siku ile ile mtakayoyasoma ninyi, na ninamjua, atainamisha kichwa na kujifanya anatafuta miwani. Mkurugenzi akitaka kuyafuta, ajue nimeshachapisha nakala.

Kinachobaki ni shukrani. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na ya wale waliohama na waliotangulia kustaafu, Bi Polepole, asante. Asante kwa watoto wanaolala usingizi wakichanwa. Asante kwa akina baba wanaotembea na chanuo la meno mapana mfukoni na hawaoni haya likidondoka mbele ya watu. Asante kwa akina mama wenye nywele za singa ambao watoto wao hawaingii tena chini ya meza. Chumba chako kinachukuliwa na mke wa fundi saa, ambaye tangu wiki iliyopita anafanya mazoezi ya kusimama mikono nyuma na anaumwa mabega. Tunakuombea afya njema, miguu yenye nguvu, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Mwenyezi Mungu akupe maisha mema na marefu.

Na kwa niaba yangu peke yangu: Jumapili mchana huna darasa tena, nami najua huna pa kwenda. Njoo nyumbani. Nimeshawaambia mwanangu na Bosi kwamba utakuja. Nitaweka viti viwili vifupi, changu na chako, na mtoto akiingia tutaona sote anakwenda kukaa miguuni kwa nani. Akikaa kwako, nitakwenda jikoni kuchemsha chai, nitakaa huko kidogo, na wivu utanitafuna hadi jioni. Lakini njoo.